Waya za Mjomba Ndyamukama

Mgodi wa Bati, Kyerwa
6 Februari 1955

Mpendwa Mjomba Ndyamukama,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Mkazamjomba Adelgunda. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ambayo kila mgeni wa vilima hivi huyapata. Mama nilimpitia Isingiro nilipokuwa nakuja. Anasema mwambie Ndyamukama kwamba dada yake bado yu hai, kama amesahau. Mbuzi wake mweupe amezaa mapacha na maharage ameyavuna salama. Nawe kibanja chako cha migomba kikoje? Mama anasema siku hizi unashinda kibanjani tangu asubuhi mpaka jioni, hata wageni wanakufuata huko huko.

Sasa Mjomba, nina jambo langu, nawe usinikasirikie, maana mwihwa, mtoto wa dada, ana ruhusa ya kumtania mjomba wake tangu enzi za mababu. Umewahi kuitazama kazi uliyoiacha hapa? Siku yangu ya kwanza ofisini, karani wa swichibodi, Bwana Rwezaura, alinipeleka hadi ukutani kwenye ukumbi, akanionyesha kwa mkono, akarudi kukaa. Simu ni kumi na mbili tu: ya Bwana Mkubwa, ya mhasibu, ya stoo, ya zahanati, ya karakana, ya shimoni na nyinginezo. Simu kumi na mbili, waya ishirini na nne. Lakini ukutani pale waya zinapanda, zinashuka, zinapita juu ya picha ya Malkia, na moja inazunguka msumari mara tatu kisha inarudi ilikotoka. Darini ndiyo balaa. Waya ya stoo inapita kwanza jikoni kusalimia, halafu ndiyo iende stoo. Na kila waya mbili umezisokota pamoja kama kamba ya mgomba ya kufungia kuni. Mwalimu wetu wa Nairobi angeona hivi angeomba kiti.

Hali yenyewe ni hii. Nimepewa miezi ya kujaribiwa mpaka Juni. Katikati ya mwezi huo watakuja wenye mgodi kutoka Ulaya, nao watapita kwenye ukumbi huu huu wenye swichibodi. Bwana Mkubwa ameniambia wazi kwamba wageni wakikuta ukuta umenyooka na simu zinafanya kazi, nitaandikishwa fundi wa kudumu na kupewa nyumba ya matofali. Wakiukuta ulivyo sasa, nitarudi kwetu. Nyumba hiyo naitaka, Mjomba. Nimekusudia kumtoa Mama kule anakokaa peke yake tangu Baba afariki.

Kwa hiyo naomba ramani. Siamini kwamba ulifanya kazi hapa miaka mitano bila kuchora popote waya ipi inakwenda wapi. Ipeleke duka la Omurushaka, madereva wa malori watanifikishia.

Mwihwa wako,
Novatus


Rugu, Karagwe
27 Februari 1955

Kwa mwihwa wangu Novatus,

Milele amina. Marahaba. Barua yako ilikaa Omurushaka siku kumi na moja, kwa kuwa mwenye duka aliifungia sukari ya mteja kwa bahati mbaya. Mteja ndiye aliyeirudisha. Mkazamjomba wako ni mzima ila goti linamsumbua akipanda mlima wa kanisani. Upepo wa wiki iliyopita umeangusha migomba kumi na saba, yote na mikungu yake ambayo haijakomaa. Tunakula ndizi changa asubuhi na jioni na bado zinabaki. Mama yako mwambie sijasahau kitu, na yeye ndiye hajakanyaga hapa tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Ramani hakuna. Ilikuwa kichwani, na kichwa nimekuja nacho huku. Mimi nilifika mgodini zikiwa simu tatu. Kila mwezi mtu alihamishwa chumba akataka simu imfuate kabla ya chakula cha mchana. Leo mhasibu yuko hapa, kesho yuko kule, waya haitoshi, unaunga. Hakuna aliyewahi kunipa siku mbili nifungue yote nipange upya. Hiyo waya inayopita jikoni ilikuwa ya jikoni, kabla jiko halijahamishwa. Ungeuliza kabla ya kucheka.

Ukitaka kupanga, panga. Lakini waya mbili za simu moja ziache zilivyosokotwa, usizisokotoe. Usikate urefu uliozidi. Usizibane zote pamoja. Ziko vile kwa sababu.

Na kama mama yako bado anauliza kwa nini niliacha kazi mwaka hamsini na moja, mjibu kwamba niliacha kwa ajili ya migomba. Baba aliniachia kibanja, na kibanja hakijitunzi. Basi.

Mjomba wako,
Ndyamukama


Mgodi wa Bati, Kyerwa
20 Machi 1955

Mpendwa Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo. Pole kwa upepo na kwa migomba kumi na saba. Mafua yameisha. Mama amenitumia maharage, pamoja na ujumbe kwamba atakuja Rugu siku utakapomwalika kama watu wanavyoalikana. Hayo ni yenu wawili, mimi nayafikisha tu.

Barua yako nimeipata jana. Dereva anasema daraja lilichukuliwa na maji. Utingo wake anasema dereva alikuwa na shughuli zake za pombe. Vyovyote iwavyo, kazi nilikuwa nimekwisha kuimaliza Jumatano.

Laiti ungeiona. Nilikaa darini na ukutani wiki tatu. Kila jozi niliisokotoa kwa vidole, nikaivuta kwenye mguu wa meza mpaka ikanyooka kabisa. Vipande vilivyozidi nilivikata vikajaza madebe mawili. Halafu nikazilaza waya zote ishirini na nne pamoja, moja kando ya nyingine, nikazifunga kwa uzi wa nta kila baada ya vidole vinne, na kona zote nikazipinda sawasawa. Ukisimama mlangoni huoni waya, unaona mstari mmoja tu. Bwana Mkubwa aliwaita makarani wote waje watazame. Alipiga picha. Alisema, na Rwezaura ni shahidi, kwamba tangu aje Afrika hajaona kazi safi namna hii. Nyumba yenyewe nimekwisha kuonyeshwa. Ni ya tatu kutoka tangi la maji, ina madirisha mawili ya vioo.

Kuhusu kusokota, usinichekeshe. Mkazamjomba mwenyewe aliniambia zamani kwamba wewe ukikaa tu mkono unaanza kutafuta paja la kusokotea kamba. Lakini simu si mzigo wa kuni, Mjomba. Sauti haipiti vizuri zaidi kwa kuzungushwazungushwa.

Liko jambo dogo. Tangu Alhamisi mhasibu analalamika kwamba akizungumza na stoo anawasikia watu wa karakana, nao wanamsikia yeye. Sauti ni ndogo lakini ipo. Nadhani ni unyevu wa mvua hizi. Kama unaujua ugonjwa huo, niandikie dawa yake.

Mwihwa wako,
Novatus


Rugu, Karagwe
Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili 1955

Mwihwa wangu,

Milele amina. Marahaba. Kristo amefufuka na sisi tumeamka salama. Jana padri alihubiri saa nzima juu ya utii, nikakukumbuka. Goti la Mkazamjomba limepungua. Kahawa imetoa maua mengi. Jirani yetu amenunua baiskeli na amekwisha kuanguka nayo mara mbili, mara ya pili akiwa ameisimamisha. Rubisi ya ndizi tuliyopika kwa sikukuu imetoka kali. Nimepanda machipukizi pale upepo ulipopita. Mvua ni nzuri.

Habari za simu sina. Mimi ni mkulima.

Ndyamukama


Mgodi wa Bati, Kyerwa
8 Mei 1955

Mpendwa Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mimi mzima, Mama mzima, mbuzi wazima. Nimefurahi kusikia habari za baiskeli ya jirani. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu katikati ya kahawa na rubisi, sikuliona, na kwa kweli umeniudhi.

Sasa simu zote zinaingiliana. Ukiinua simu ya mhasibu unasikia ofisi nzima, utadhani uko mnadani. Nimekausha ukuta kwa jiko la mkaa, nimebadilisha betri, nimesafisha kila skrubu kwa mafuta ya taa, na hali ni ile ile. Wiki mbili zilizopita Bwana Mkubwa alimwambia bwana wa karakana kwa simu kwamba Kahigi wa stoo ataachishwa kazi mwisho wa mwezi. Mhasibu alisikia, zahanati walisikia, mpishi alisikia. Kahigi mwenyewe aliambiwa na mpishi alipokwenda kuchukua chai. Aliacha kikombe hapo hapo akaenda kwa Bwana Mkubwa, na waliyoambiana humo hayakuhitaji simu ili yasikike. Bwana Mkubwa akamshika Rwezaura, kwamba yeye ndiye anayetega masikio kwenye swichibodi. Rwezaura akaninunia wiki nzima, na alikuwa na haki.

Hayo ningeyacheka siku moja. Haya yanayofuata sitayacheka. Jumanne gogo la kuegemezea dari lilianguka shimoni likambana mguu mchimbaji mmoja, Elpidius, mtu mwenye watoto wanne. Mnyapara alipiga simu zahanati kuomba machela. Wakati huo huo mhasibu alikuwa akisoma orodha ya magunia kwa sauti, na karakana walikuwa wanabishana juu ya gurudumu. Dresa, yule msaidizi wa daktari pale zahanati, akawa anasikia watu watatu kwa pamoja. Akasema rudia, rudia, mwisho akakata. Ikabidi mtu akimbie kwa miguu kutoka shimoni, maili mbili za mlima. Mguu wa Elpidius umekatwa juu ya kifundo. Dresa anasema wangefika mapema labda wangeuokoa, labda wasingeuokoa. Nilikwenda kumwona nikampelekea ndizi, akanishukuru. Hajui nani alizilaza zile waya.

Nilimwambia Bwana Mkubwa kwamba pengine kule kusokota kwa zamani kulikuwa na maana. Alinijibu kwa Kiswahili chake, "Sauti utaondoa. Ukuta hutagusa. Nikiona uchafu wa yule mzee umerudi, utakwenda kwenu siku hiyo hiyo."

Nilipomweleza Rwezaura maneno hayo ndipo alipofungua mdomo. Kumbe mwaka hamsini na moja nawe uliambiwa uzinyooshe waya kwa ajili ya wageni, ukakataa, ukaambiwa mbele ya makarani wote uchukue koleo lako uondoke. Hukuacha kwa ajili ya migomba. Mjomba, ulijua. Ulijua tangu barua yangu ya kwanza, ukaniandikia kwamba ziko vile kwa sababu, na sababu yenyewe ukaimeza. Halafu nilipokuuliza ukaniandikia baiskeli. Kwa nini?

Wageni wanafika tarehe kumi na nne Juni. Niambie la kufanya, na safari hii liwe la kufanya kweli.

Novatus


Rugu, Karagwe
22 Mei 1955

Mwihwa wangu Novatus,

Milele amina. Marahaba. Habari za nyumbani leo ni moja tu. Mkazamjomba wako aliisoma barua yako kabla yangu, na tangu jana hajanipikia. Anasema mguu wa yule mtu uko mlangoni kwetu pia. Ana haki.

Nilikasirika. Hiyo ndiyo sababu, nyingine sina. Uliniandikia kana kwamba mimi ni kichaa wa njiani, nikasema moyoni, huyu amesoma Nairobi, mwache ajionee. Niliwawaza mhasibu na Bwana Mkubwa wakisikilizana, nikafurahi peke yangu. Sikuwaza shimo. Mimi niliyeipeleka simu ile shimoni kwa mikono yangu sikuliwaza shimo, na jambo hilo linanitafuna.

Maelezo ni haya. Vitani Burma nilikuwa katika kikosi cha simu. Tulitandika waya msituni, simu kumi njia moja, na kwanza tulizitandika zimenyooka, zikaingiliana kama hizo zako. Sajini wetu ndiye aliyetufundisha. Waya mbili za simu zikilala zimenyooka kando ya jirani, moja iko karibu na jirani kuliko mwenzake siku zote, na sauti ya jirani inaingia kwa upande huo. Ukizisokota, kila waya inapata zamu ya kuwa karibu na zamu ya kuwa mbali. Kilichoingia huku kinaingia na huku, kinajifuta. Na jirani na jirani wasisokotwe sawa: huyu mizunguko mingi, huyu michache. Mashine ya kusokotea hawakunipa mgodini, nikatumia paja, kama bibi yako alivyonifundisha kusokota kamba.

Nilimweleza Bwana Mkubwa haya yote. Alisema yeye anaona utumbo ukutani. Nikamwambia utumbo ndio unaofanya kazi, ndipo akanifukuza. Nilipofika Rugu watu waliniuliza, nikasema migomba. Baada ya mwaka mmoja hata mimi nilianza kuamini.

Sasa nisikilize. Sokota jozi ya shimoni peke yake, leo, na uipitishe nyuma ya nyumba mbali na nyingine, ambako wageni hawafiki. Zilizobaki ziache zimenyooka mpaka wageni waondoke na jina lako liandikwe. Ukishaingia kwenye nyumba, zisokote moja moja, kila mwezi moja, hakuna atakayejua. Usifanye kama mimi. Mimi nilikuwa na haki, na haki hiyo nimekaa nayo miaka minne nikitazama migomba ambayo siipendi. Sijawahi kuipenda. Kila nikisikia lori natoka kutazama barabarani, nikidhani wametuma mtu kuniita. Mama yako anaihitaji ile nyumba. Nakuomba, Novatus.

Mjomba wako,
Ndyamukama


Isingiro
19 Juni 1955

Mpendwa Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na Mkazamjomba shikamoo. Nakuandikia kutoka kwa Mama, na mahali hapo peke yake pamekwisha kukueleza. Yeye ni mzima. Yuko uani anachambua maharage na hajaniuliza kitu tangu nifike.

Barua yako ya Mei nilipewa Ijumaa, nikiwa tayari nimepanda lori kuondoka mgodini. Dereva aliitia mfukoni mwa koti, akalivaa koti hilo kwenda arusi ya shemeji yake Bukoba, akalisahau huko wiki mbili. Nimeisomea juu ya magunia. Sijui ningeipata kwa wakati wake ningefanya nini. Nadhani ningekutii. Nashukuru sikuipata, na papo hapo nilitaka kumpiga yule dereva.

Kwa kuwa ulikuwa kimya, nilitafuta mwenyewe. Katika yale madebe ya vipande nilivyovikata, vingine vilikuwa bado na msokoto wako. Nilihesabu. Jozi moja ilikuwa na mizunguko minne kwa shubiri, nyingine saba, nyingine tano. Nikaona mtu hasokoti kamba ya kuni kwa hesabu. Nikasokota jozi mbili kwa kujaribu, ya shimoni na ya mhasibu, na hapo hapo zikanyamaziana. Mjomba, nilikaa chini darini nikaona haya.

Bwana Mkubwa alipokwenda Bukoba kuwapokea wageni nilipata siku tatu. Nilizirudisha zote. Nisingeweza kuirudisha ya shimoni peke yake, kwa sababu zahanati nayo inasikia karakana, na karakana ndiko gari la wagonjwa liliko. Shida ni kwamba nilikuwa nimezikata fupi, na waya ikisokotwa inapungua. Kila jozi ilipungua urefu wa mkono mzima, nikaunga kwa vipande vya debeni. Kwa hiyo ukuta ule sasa ni mbaya kuliko ulivyouacha wewe. Una vinundu kila mahali.

Wageni walipita Jumanne asubuhi. Bwana Mkubwa alipouona ukuta alibadilika rangi, akawageuza wageni watazame swichibodi. Mgeni mmoja, mzee mwenye fimbo, akaomba azungumze na watu wa shimoni. Rwezaura, ambaye sikumwomba kitu, aliwaunganisha kwanza mhasibu na stoo, na karakana na jikoni, akawaambia wasemezane, halafu ndipo akampa mzee shimo. Mnyapara akajibu kutoka chini. Hakuna sauti nyingine iliyoingia. Mzee akatikisa kichwa kuridhika, wakaenda kunywa chai.

Bwana Mkubwa akabaki nyuma akauliza ni nani amefanya hivi. Nikamjibu, "Kazi ni ya mjomba wangu Ndyamukama. Mimi niliiharibu, sasa nimeirudisha."

Hakuwa anajua kwamba sisi ni ndugu. Akasema nisilale mgodini baada ya Ijumaa, na kwamba Jumatatu atakuja fundi mwingine kutoka Bukoba kuzinyoosha.

Hivyo nyumba imekwenda. Nimesikitika, sitakudanganya. Lakini ninalolala nalo ni huyo fundi wa Jumatatu. Ataipanda ngazi yangu, atazisokotoa kama nilivyozisokotoa, atapigwa picha, na kuna mtu atakayelala shimoni akingoja machela. Mimi nitakuwa hapa na maharage. Naandika kwa hasira mpaka kalamu inachana karatasi. Barua yangu ya kwanza unisamehe.

Mwihwa wako,
Novatus


Mgodi wa Bati, Kyerwa
25 Juni 1955

Mwihwa wangu Novatus,

Milele amina. Marahaba. Usishangae anuani. Barua yako ilinifikia Jumatano, siku tatu tu, na Alhamisi nikapanda lori. Mkazamjomba wako ni mzima. Alinifungia chakula cha njiani bila kuniuliza nakwenda wapi. Mama yako usimwambie bado, atasema nimeweza kufika Kyerwa nikashindwa kufika kwake.

Nilikuja na maneno yangu tayari. Njia nzima niliyapanga, maneno ya miaka minne, na mengine ya Kiingereza cha jeshini. Sikupata kuyatumia. Nilikuta mambo yamekwisha kwenda mbele bila mimi. Jumatatu yule fundi wa Bukoba alifika akapanda ngazi. Rwezaura akapiga simu shimoni kuwaambia kwamba waya zinanyooshwa tena, kama siku ile ya mguu wa Elpidius. Zamu ya asubuhi ikatoka ikakaa kwenye mdomo wa shimo, Elpidius katikati yao na gongo lake, wakasema hawashuki mpaka fundi ashuke ngazi. Yule fundi ni mtu mwenye akili, alishuka mara moja. Lakini Bwana Mkubwa alikataa kusema neno mpaka Jumatano, na siku zote hizo wageni, ambao bado walikuwa mgodini, walikuwa wakiuliza kwa nini mgodi uko kimya. Jumatano alikubali kwamba waya hazitaguswa, na kwamba aliyezisokota arudishwe kazini.

Jana nilipoingia ofisini Rwezaura alisimama akanishika mikono yote miwili. Ukutani nilimkuta seremala anapima kwa futi, na Bwana Mkubwa kando yake. Alinitambua. Nikafungua mdomo nianze. Yeye akaniuliza, "Ndyamukama, mlango ufunguke kulia au kushoto?"

Sikumwelewa. Seremala ndiye aliyenieleza kwamba wanatengeneza kabati la mbao kuufunika ule ukuta, nalo litakuwa na mlango. Wageni watapita wataona mbao zilizopakwa rangi, na ndani waya zikae zinavyotaka. Nikamjibu kushoto, ili karani wa swichibodi asigongwe. Akasema sawa, akaondoka. Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyozungumza naye. Hakuniomba radhi, na yale maneno yangu bado ninayo.

Nilitoka nikakaa kwenye jiwe karibu na tangi la maji. Mbao sita, Novatus, na bawaba mbili. Mwaka hamsini na moja seremala huyu huyu alikuwepo, na mbao zilikuwepo zimejaa karakana. Tulisimama mbele ya ule ukuta watu wawili wazima tukigombana tangu saa mbili mpaka saa nne, na hakuna hata mmoja aliyefikiria mlango. Yeye alitaka ukuta wake, mimi nilitaka nionekane nina haki. Nilicheka mpaka mpishi akatoka kunitazama. Baadaye nililia kidogo, na hilo nalo usimwambie mama yako.

Wewe unatakiwa kazini Jumatatu. Rwezaura ameliona jina lako kitabuni, fundi wa kudumu. Nyumba ni ile ile ya tatu, ufunguo anao yeye. Maungio yako ni mabaya, nimeyarudia manne, mengine utayarudia mwenyewe. Kusokota umesokota vizuri, pengine kuliko mimi.

Leo asubuhi nilimshikia seremala mlango akipiga bawaba ya mwisho. Umefunga vizuri. Nikakaa pale ukumbini mpaka saa ya chakula, na Bwana Mkubwa alipita mara mbili. Hakuna aliyeniambia nirudi kazini. Nilidhani wataniambia. Kesho baada ya misa napanda lori la Omurushaka.

Mjomba wako,
Ndyamukama